Milima Iliyopoteza Mifupa Yake

Usambara imepoteza mifupa yake mara mbili. Mara ya kwanza ililiwa na udongo. Mara ya pili ilibebwa mabegani, ikateremshwa Pangani, ikavuka bahari. Ndiyo maana anayetaka kuandika historia ya ufundi wa mifupa akiwa Lushoto hana budi kuzunguka kwanza: afike Olduvai, avuke Semliki, ashuke Kilifi na Jambiani, kisha ndipo arudi Mazinde aulize vilivyokuwa hapa vilikwenda wapi.

Wenzetu wa mbali walibahatika. Januari 1932, mwanaakiolojia wa Meksiko, Alfonso Caso, alifungua kaburi namba 7 la Monte Albán, katika jimbo la Oaxaca. Magazeti yalishangilia dhahabu iliyotolewa humo. Kwa macho yangu, hazina kubwa zaidi ilikuwa mifupa: vipande vyembamba, vingine vya tai na vingine vya chui wa Amerika, ambavyo mafundi wa Kimixteki walivichonga picha ndogondogo za watu, wanyama na alama za kalenda. Mistari mingine waliijaza vijipande vya feruzi. Kaburi lilijengwa kwa mawe juu ya kilima, likafungwa vizuri, na mifupa ikakaa humo karne kadhaa ikimsubiri Caso.

Je, mkono wa aina hiyo haukuwahi kuwapo kwetu? Ulikuwapo, tena mapema kuliko popote panapojulikana. Ila swali la kwanza kwa mfupa wa kale linahusu mahali ulipoangukia. Ufundi wa fundi huja baadaye.

Udongo unaokula

Mfupa ni madini ya kalsiamu yaliyoshikana na nyuzi za protini. Ukizikwa kwenye majivu ya volkano, au kwenye pango la mawe ya chokaa, madini hayo hukaa. Ukizikwa kwenye udongo mwekundu wenye asidi, unaopigwa na mvua mwaka baada ya mwaka, huyeyuka kidogokidogo mpaka libaki doa tu, na doa nalo hufutika.

Udongo wa Usambara ni wa namna hiyo ya pili. Wajerumani waliujua kwa hasara. Miaka ya 1890 walifyeka msitu wa Usambara Mashariki kupanda kahawa, wakiamini kwamba ardhi inayobeba miti mirefu kiasi kile lazima iwe na rutuba isiyokwisha. Kahawa ikawaangusha. Rutuba ilikuwa ndani ya miti yenyewe na majani yaliyooza juujuu, na chini yake mvua ilikuwa imekwisha kusafisha kila kitu. Chai, ambayo hupenda udongo wenye asidi, ndiyo iliyokuja kushika, kule Amani na huku kwetu Mponde na Herkulu. Udongo unaostawisha chai ndio huohuo unaomaliza mfupa.

Kwa hiyo mtu akichimba kijiji cha kale juu ya milima hii hupata vigae vya vyungu na mavi ya chuma. Sindano ya mfupa, ncha ya mshale, kipini cha nywele, hata kama vilikuwapo kwa maelfu, havipati. Wengine huchukulia kutopatikana kuwa ni kutokuwapo. Ni kosa la kuhesabu wageni kwa viatu vilivyobaki mlangoni.

Olduvai, miaka milioni 1.5 iliyopita

Korongo la Olduvai lina bahati ambayo Usambara haina. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro ziliumwagia ufuko wa ziwa la kale majivu, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likafunika kilichoachwa chini.

Mary Leakey, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya Olduvai, alikwisha kutaja mifupa iliyoonekana kutumiwa kama zana. Wengi walisitasita, kwa sababu mfupa huvunjwa pia na fisi, mamba na kwato. Jibu zito lilikuja Machi 2025, pale Ignacio de la Torre na wenzake, akiwamo Mtanzania Jackson Njau, walipotangaza zana 27 za mfupa kutoka sehemu moja ya korongo, zenye umri wa miaka milioni 1.5. Nyingi ni za ndovu na kiboko, na kubwa kabisa ina urefu wa sentimita 38 hivi.

Zitazameni kwa karibu. Mfupa mnene wa mguu umepasuliwa kwa kipigo, kisha ukingo wake umeng'olewa vibanzi mfululizo, kimoja baada ya kingine, upande huu na upande ule, mpaka ukawa mkali. Fisi hafanyi hivyo. Walichukua namna ya kugonga jiwe wakaihamishia kwenye kitu kingine kabisa, na walichagua: mfupa wa ndovu una ukuta mnene, unavumilia. Hata kiboko na ndovu hawakutumika kwa usawa, kwa kuwa kiboko walimla pale pale, hali mifupa mingi ya ndovu inaonekana ilibebwa kutoka kwingine. Kabla ya tangazo hilo, ushahidi wa zana za mfupa zilizotengenezwa kwa utaratibu ulikuwa wa Ulaya, wa miaka 400,000 hadi 250,000 hivi. Tarehe ikarudi nyuma zaidi ya miaka milioni nzima, na ikahamia Tanzania.

Waliofanya kazi hiyo hawakuwa watu kama sisi. Pengine walikuwa Homo erectus. Na walikuwa bado hawajachonga: walikuwa wanagonga. Kuchonga mfupa, yaani kuukwangua, kuusugua na kuupa umbo ambalo jiwe haliwezi kulipata, ni kazi iliyosubiri muda mrefu mno.

Chusa za Semliki

Mto Semliki hutoka Ziwa Edward kuelekea Ziwa Albert, mashariki mwa Kongo. Kwenye kingo zake, mahali paitwapo Katanda, John Yellen na Alison Brooks walichimbua chusa za mfupa zenye vijino vilivyopangwa kwa safu upande mmoja, wakazitangaza mwaka 1995. Makadirio yao yalikuwa miaka 90,000 hivi. Tarehe hiyo imebishaniwa sana, kwa sababu chusa za aina hiyo kwingineko duniani ni za majuzi zaidi kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kando yake kulikuwa na mifupa ya kambare wakubwa, na hilo linaeleza kazi yake bila maneno mengi. Kambare hujisogeza kwenye maji ya kina kifupi wakati wa kuzaa, na mtu mwenye chusa akijua msimu, hana haja ya mtumbwi.

Kijino cha chusa ndicho kinachoonyesha fundi. Ncha laini humtoboa samaki na kuteleza ikatoka. Ili isiteleze lazima kila kijino kikatwe kwa pembe inayoelekea nyuma, na mfupa una nyuzi zinazokwenda kwa urefu: ukikata kwa pupa unapasuka wote. Jiwe la kukatia linapita taratibu, mara nyingi, mahali palepale. Hapo kazi si ya kugonga tena.

Juu zaidi ya mto, pale unapoanzia Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata mwaka 1950 kifupa cha Ishango. Kina urefu wa sentimita 10 hivi, na ncha yake imepachikwa kijiwe cha kwazi. Kimekatwa alama zilizopangwa katika safu tatu. Safu mbili zina jumla ya alama 60 kila moja, na ya tatu 48. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Kuna wanaosema ni hesabu, kuna wanaosema ni kalenda ya mwezi, na kuna wanaosema alama zilikuwa za kushikia tu kiganja kisiteleze. Mimi sina upande, ila nashangaa kuona watu wakidai kwamba mshikilio wa kisu unahitaji makundi yaliyopangwa hivyo. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Hivi leo kimehifadhiwa Brussels.

Mapango ya chokaa

Pwani yetu ina mawe ya chokaa na matumbawe, na humo mfupa hukaa. Panga ya Saidi, pango la kaunti ya Kilifi nchini Kenya, limechimbwa tabaka hadi tabaka na kutoa kumbukumbu ya miaka 78,000. Ndimo alimozikwa yule mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyepewa jina la Mtoto na kutangazwa mwaka 2021: kaburi la zamani kuliko yote yanayojulikana barani Afrika. Katika matabaka ya juu yake mna shanga, vipande vya udongo mwekundu wa rangi, na mifupa iliyochanjwa kwa makusudi. Watu wa msitu wa pwani walikuwa wakipamba na kuweka alama, na kazi hiyo iliendelea kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Kinachonivuta zaidi ni Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, Unguja. Miaka 13,000 iliyopita Unguja haikuwa kisiwa. Bahari ilikuwa chini, na mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka huko hadi bara. Pundamilia nao walitembea, maana mifupa yao imo pangoni. Uchimbaji ulioanzwa na Felix Chami na kuendelezwa na timu ya kimataifa ulitoa vipande saba vya mfupa vilivyofanyiwa kazi: chembe tano za mishale, msumari wa kutobolea ngozi, na bomba la mfupa lililochanjwa kingoni.

Chembe zile ni ndogo na nyembamba. Hapo ndipo wataalamu walipokuna vichwa. Chembe nyepesi kiasi hicho haiwezi kumwangusha pundamilia au nyati kwa nguvu yake. Lazima ilikuwa inabeba sumu. Pangoni humo kulipatikana pia mkaa wa Mundulea sericea, mti ambao sumu yake inajulikana kwa wavuvi na wawindaji hadi leo. Ukiunganisha viwili hivyo unapata wawindaji wasiotegemea misuli. Huchukua mfupa, huupasua kwa urefu, huukwangua kwa ukingo wa jiwe, huusugua kwenye jiwe la mchanga mpaka uwe mwembamba, huupaka dawa, kisha humfuata mnyama taratibu mpaka aanguke mwenyewe. Waata wa nyika ya Kenya waliendelea kuwinda ndovu kwa mishale ya sumu hadi karne ya 20, ingawa chembe zao zilikuwa za chuma.

Kiasi cha miaka 10,000 iliyopita maji yalipanda na Unguja ikakatwa. Pundamilia wakatoweka kisiwani. Kutoka Kuumbi hadi ukingo wa Usambara si mbali, na ni vigumu kuamini kwamba ufundi huo uliishia mguuni mwa milima. Ulipanda, na udongo ukaufuta.

Chuma chachukua kazi

Katika karne za kwanza baada ya Kristo wakulima wenye vyungu vya mtindo wa Kwale, ulioitwa kwa jina la mahali Kenya, walikuwa wamefika milima hii. Robert Soper aliandika habari zao mwaka 1967. Walifyeka, walilima, na walifua chuma. Baadaye Pare ikawa jirani mkubwa wa kuleta chuma, na Washana wa Ugweno wakajulikana kama ukoo wa wafua chuma.

Kwa mfupa hili lilikuwa badiliko baya. Chembe ya chuma hainyonyi maji, haipasuki, na ikipinda inanyooshwa. Kazi mbili tatu zilibaki kwa mfupa na ndugu zake: pembe ya mganga ya kuhifadhia dawa, kipini, pambo. Chini bondeni, karibu na Mombo, utafiti wa Jonathan Walz umeonyesha watu wa kijiji cha Kwa Mgogo wakitengeneza shanga kwa gamba la konokono mkubwa wa nchi kavu. Hii ni kazi ya subira kama ya mfupa: kuvunja gamba, kulitoboa, kulisugua kando mpaka liwe duara. Na shanga za kioo kutoka ng'ambo ya bahari nazo zilikuwa zikipanda bonde la Pangani.

Kilichokuwa kikishuka kuzilipia, kwa sehemu kubwa, ni pembe za ndovu. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza, uitwao Periplus, unataja pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya pwani hii. Al-Masudi, aliyefika mwaka 916, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman na kutoka huko India na China. Fundi mwenye pembe alikuwa mbali.

Si wote lakini. Pwani ilikuwa na mafundi wake. Siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ni kazi ya karne ya 17. Mwili wake umechongwa michoro iliyosukwa kama kamba, na mpulizaji huweka mdomo kwenye tundu la ubavuni. Lilipulizwa kwenye shughuli za wakubwa tu. Baadaye mafundi wa Lamu na Unguja walitengeneza viti vya enzi vya mpingo, wakapachika vipande vya pembe na mfupa juu ya mbao nyeusi. Mti mweusi, mfupa mweupe: hawakuhitaji rangi.

Kigego wa Ngulu

Historia ya ufalme wa Washambaa inaanza na meno. Kwa masimulizi yaliyohifadhiwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika Habari za Wakilindi, Mbegha wa Ngulu alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Mtoto kama huyo aliaminiwa kuleta mikosi, na desturi haikumtaka aishi. Aliishi. Lakini aliponyimwa urithi akahama, akiwa na mbwa na mikuki, akipita Kilindi na kuingia milimani.

Mlimani alikuta wakulima waliosumbuliwa na nguruwe wa mwitu. Akawinda, akagawa nyama, akapewa vyakula vya shambani na wake. Akaua simba, na mwana aliyezaliwa akaitwa Simba, jina lililokuja kuwa sifa ya mfalme: Simba Mwene. Vuga ikawa mji wa ukoo wake, Wakilindi, mapema katika karne ya 18.

Wakilindi walitawala kwa mvua na kwa ugawaji zaidi kuliko kwa biashara. Nguvu ya mfalme ilikuwa kuponya nchi au kuiharibu. Ushuru ulipanda Vuga kwa njia ya mazao na mifugo, kisha ukagawanywa. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu kiasi cha mwaka 1815, alifikisha mamlaka hadi karibu na pwani. Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke walifika Vuga mwaka 1857, wakamkuta mzee.

Mazinde, 1862 hadi 1895

Kimweri alipofariki mwaka 1862, nyika ilikuwa imekwisha kubadilika. Wamarekani walikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu mwaka 1833 na konseli Unguja tangu 1837. Pembe za Afrika Mashariki zilitafutwa kwa sababu ni laini, hazipasuki zikikatwa nyembamba. Huko Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, viwanda vilizikata kuwa vibao vya piano, vikavianika kwenye nyumba za vioo wiki nyingi ili jua livifanye vyeupe. Mipira ya biliadi ilikula pembe zilizobaki.

Semboja, mwana wa Kimweri, aliliona hilo kuliko ndugu zake. Vuga iko juu, na misafara ilipita chini. Akaweka makazi Mazinde, kwenye njia ya Pangani kuelekea Pare na Kilimanjaro, akakusanya bunduki, akampiga vita mrithi Shekulwavu na kumtoa Vuga. Wabondei, watu wa upande wa pwani waliokuwa chini ya Wakilindi, wakaasi. Ufalme uliojengwa juu ya nyama iliyogawanywa uligawanyika wenyewe kati ya mlima wenye heshima na bonde lenye bidhaa.

Katika falme nyingi za Afrika Mashariki pembe iliyogusa ardhi ndovu alipoanguka ilikuwa ya mtawala, na ya pili ya mwindaji. Bunduki na mkopo wa wafanyabiashara viliivuruga hesabu hiyo. Pembe zikawa risiti ya baruti, na baruti ikatafuta pembe zaidi, na pasipokuwa na pembe ikatafuta watu. Wengi wa waliouzwa Pangani baada ya mwaka 1862 walikuwa Washambaa na Wabondei, walionaswa na vita vya wakubwa wao wenyewe.

Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, na njia ya misafara ikakosa kazi. Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal, ikawa mahali pa kupumzikia wakoloni kwa baridi yake.

Baada ya pembe

Ndovu wa Tanzania walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 walikuwa chini ya 45,000. Biashara ya kimataifa ya pembe ilikuwa imekwishapigwa marufuku kwa kura ya Lausanne ya Oktoba 1989. Marufuku hiyo haikuwazuia majangili mara moja, ila iliwafungia mlango mafundi halali, na waliobaki wakatafuta kitu kingine cheupe kinachokubali patasi.

Kitu hicho kipo katika kila machinjio. Kibera, Nairobi, mafundi wa leo hununua mifupa ya ng'ombe, huichemsha kuondoa mafuta na uboho, huikata kwa msumeno kwa urefu wa nyuzi zake, huisaga kwenye mashine mpaka ipate umbo, kisha huisugua kwa msasa, mkali kwanza na laini baadaye. Mingine huachwa nyeupe, mingine huchorwa madoa meusi kwa rangi ya kuchovya. Hutoka hereni, vifungo, bangili na shanga. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, na fundi anayeijua kazi hufunika pua.